Mchafu ni Nani?

Alasiri moja, jua likiwa limekwisha kupunguza ukali wake, niliketi juu ya benchi katika bustani moja ya umma katikati ya Nairobi. Mbele yangu palikuwa na nyasi zilizokanyagwa na watu wengi, na juu ya nyasi hizo yalisalia mabaki ya karamu ya wale waliotangulia kupumzika pale: mifupa ya kuku, maganda ya ndizi, vipande vya viazi na chupa za plastiki. Mara kivuli kikubwa kilipita juu ya kichwa changu. Nilipoinua macho nilimwona ndege akishuka taratibu, miguu yake imening'inia mfano wa fimbo mbili, akatua hatua kumi tu kutoka mahali nilipoketi.

Msomaji, ikiwa umepata kufika Nairobi, bila shaka umemwona ndege huyu. Ni korongo yule mkubwa aitwaye marabu, ambaye jirani zetu wa Kampala humwita kaloli. Akisimama wima, kimo chake chaweza kufika mita 1.5, yaani kimo cha mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Na akikunjua mbawa zake, upana wake kutoka ncha hata ncha waweza kupita mita 2.5. Kichwa chake ni kipara chenye madoa. Shingo yake tupu yaning'iniza kifuko cha rangi ya nyama. Mgongo wake ni mweusi, kifua chake cheupe, na mdomo wake mrefu na mnene wakumbusha patasi ya seremala. Alitembea polepole kati ya takataka zile, kichwa ameinamisha, kama hakimu mzee aingiaye barazani.

Vijana watatu waliovaa sare ya shule walikuwa wakipita. Mmoja akasema, "Tazama ndege mchafu huyu," akaokota jiwe akarusha. Jiwe lilimpata korongo ubavuni. Hakulia, kwa maana ndege huyu ni mkimya. Aliruka hatua mbili tatu, akasimama tena, akatutazama. Kijana akainama kutafuta jiwe la pili. Hapo ndipo mama mmoja mfagiaji, aliyekuwa karibu na ufagio wake na gunia lake, aliposema bila ya kupaza sauti, "Mwanangu, mchafu ni nani? Mifupa hii aliitupa yeye?"

Vijana walicheka kwa haya wakaenda zao. Mimi sikucheka. Nilitazama chini ya benchi langu, nikaiona karatasi ya njugu nilizokuwa nimemaliza kuzila. Sikuwa nimeitupa kwa ukaidi. Niliiachia tu vidole vyangu viifungue, kama ilivyo desturi ya maelfu ya watu kila siku. Swali la mama yule lilikuwa la kijana mwenye jiwe, lakini jibu lake lilikuwa chini ya miguu yangu. Nimeshika kalamu ili nikuulize na wewe swali lilo hilo, kwa kuwa nimechoka kusikia korongo akishtakiwa katika mji ambao washtaki wake ndio wenye hatia.

Na tuyapime mashtaka yake moja baada ya moja, kama inavyostahili katika hukumu ya haki.

Shtaka la kwanza ni la sura. Husemwa kuwa korongo marabu ni ndege mbaya wa umbo, achukizaye macho. Lakini umbo la kiumbe ni chombo cha kazi yake, na mtu asiyeijua kazi hana haki ya kukitukana chombo. Ndege alaye mizoga huingiza kichwa chake katika nyama na damu; kichwa chenye manyoya kingegandwa na damu ikaozea humo, bali kipara huoshwa na upepo na jua. Kifuko kile cha shingoni, ambacho wengi hudhani ni mfuko wa kuwekea chakula, ni kifuko cha hewa, naye hukijaza anapotaka kujionyesha kwa wenziwe. Hata weupe wa miguu yake una maana. Ndege hawana tezi za jasho kama sisi. Basi korongo huyu hujinyia miguuni kwa makusudi, na majimaji yale yanapokauka humpunguzia joto mwilini. Chini ya weupe ule miguu yake ni ya rangi ya kijivu iliyoiva. Sisi twatoka jasho kwapani tukajipaka manukato. Yeye ameumbiwa njia nyingine. Tofauti yetu ni ya njia, haja ni moja.

Tena kuna jambo la kuchekesha katika shtaka hili. Manyoya laini meupe yaliyo chini ya mkia wa ndege huyu yalitafutwa sana Ulaya zamani, yakapamba kofia na nguo za mabibi matajiri. Waliovaa manyoya yale hawakusema kuwa ni machafu. Na jina lenyewe la marabu lasemekana kuwa limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mcha Mungu aliyejitenga na watu, kwa ajili ya utulivu wake na mwendo wake wa kutafakari. Mtu mmoja alimtazama akamwona mtawa. Mwingine humtazama akamwona jalala. Ndege ni yule yule. Wazee walisema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nasi twaweza kugeuza neno hilo na kusema kuwa liko gamba baya lenye kiini chema.

Shtaka la pili ni la uchafu na udhia, nalo lina uzito zaidi. Sitaki kumfanya korongo malaika. Anyapo juu ya mti, kinyesi chake huchoma majani na huharibu rangi ya magari, na mpita njia aliyepakwa shati jeupe asubuhi ya kwenda kutafuta kazi ana haki ya kukasirika. Kadhalika si ndege mpole kwa wenziwe; hula mayai na makinda ya ndege wengine, na katika maziwa ya Bonde la Ufa huwavamia hata flamingo. Haya yote ni kweli, na mtetezi afichaye ukweli humdhuru yule amteteaye.

Lakini uliza, msomaji, ameletwa na nini mjini? Nchi yake ni mbuga na kingo za maziwa na mito. Huko hufuata moto wa nyika ili kuokota panzi na wadudu wakimbiao ndimi za moto, hula samaki na vyura maji yanapokauka, hula nzige, na penye mzoga huwasubiri tai waupasue kwanza, kwa kuwa mdomo wake haukuumbwa kwa kuchana ngozi ngumu. Ndege mwenye nchi pana namna hiyo haachi upepo wa mbuga akaja kupumua moshi wa magari bila sababu. Sababu ni kwamba tumemtandikia meza. Tumemwaga mabaki ya hoteli, ya masoko na ya machinjio mahali pa wazi, mchana na usiku, mwaka hata mwaka. Mtu atandikaye meza mlangoni pake, kisha akasimama na fimbo kumpiga kila ajaye kula, hatumwiti msafi, twamwita punguani.

Shtaka la tatu ni la hatari. Ndege mzito kama huyu, ambaye huweza kufika kilo 9, akigongana na eropleni aweza kuleta msiba. Neno hili ni la kweli, wala halifai kufanyiwa mzaha. Lakini dawa yake hulirudisha shtaka kwetu vile vile: korongo huzunguka angani juu ya mahali palipo na chakula. Ondoa jaa, naye ataondoka mwenyewe bila ya kupigwa jiwe hata moja. Liache jaa, nawe waweza kuua korongo mia leo, na kesho watakuja mia wengine kujaza nafasi zao.

Basi yatazame matibabu yanayopendekezwa na wale wasiopenda kufikiri. Husema, ikatwe miti wanayotagia. Kwa miaka mingi korongo hawa walijenga viota juu ya migunga ya karibu na Uwanja wa Nyayo na kando ya barabara iendayo Mombasa, na kila aliyeingia mjini kwa njia ile aliwaona wamesimama juu ya miti kama walinzi. Jike hutaga mayai mawili au matatu, wazazi wote wawili huyalalia kwa muda wa siku 30 hivi, na makinda hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuweza kuruka. Mti ukatwao wakati huo huanguka na watoto. Tena, korongo mkubwa aliyekatiwa mti huhamia mti wa pili, lakini mkazi wa Nairobi aliyekatiwa mti hubaki na vumbi, na joto, na kelele za magari. Nani basi aliyeadhibiwa?

Wakati wa ujenzi wa barabara ya juu itokayo Mlolongo mpaka Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, miti mingi ya kando ya njia ilikatwa. Mkuyu mmoja mkongwe wa Waiyaki Way uliokolewa mwezi wa Novemba 2020 kwa sababu watu walipaza sauti. Na kabla ya hapo, mwaka 1989, Wangari Maathai alisimama kuupinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru, akatukanwa na wakubwa, lakini jumba halikujengwa. Leo hatuna aibu kujivunia jina lake. Lakini heshima ya kweli kwa marehemu yule si kulitaja jina lake siku za sherehe. Ni kuushika mkono wa kijana kabla jiwe halijatoka.

Yaweza kuwa umekwisha kukubaliana nami kuwa korongo aachwe. Ngoja kwanza, kwa maana wako watu wengine ambao nawaogopa kuliko wale wenye mawe. Hao ni wale wasemao kwa tabasamu, "Mwacheni, yeye ndiye mfagiaji wetu wa bure." Neno hili lasikika kuwa la huruma, kumbe ni la uvivu.

Ni kweli kwamba ndege walao mizoga wana faida kubwa, na walimwengu wamejifunza hayo kwa gharama. Katika India, kuanzia miaka ya 1990, tai walikufa kwa mamilioni. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kuwa sababu kubwa ilikuwa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, waliyopewa ng'ombe. Tai aliyekula mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa kwa dawa ile aliharibika figo akafa. Mizoga ikabaki ikioza mashambani, mbwa wa mitaani wakaongezeka kwa kuila, na hatari ya kichaa cha mbwa ikaongezeka pamoja nao. Mwaka 2006 serikali ya India ilikataza dawa hiyo isitumiwe kwa mifugo, lakini tai waliokwisha kufa hawafufuki. Hapa Kenya nako tai huuawa kwa sumu iwekwayo katika mizoga na wafugaji wanaotaka kulipiza kisasi kwa simba. Yeyote adhaniaye kuwa ndege wa namna hii hawana kazi, na akitazame kisa cha India.

Lakini mzoga wa nyikani ni kitu kimoja, na taka za mji mkuu ni kitu kingine. Hebu tupige hesabu pamoja. Taka zitokazo Nairobi kwa siku moja hukadiriwa kuwa zaidi ya tani 2,000. Tani 2,000 ni kilo 2,000,000. Tuseme kila korongo ala kilo nzima kwa siku, jambo ambalo ni ukarimu mkubwa kwa tumbo lake. Ili amalize taka zetu za siku moja ingehitajika korongo 2,000,000, na kesho yake wangehitajika tena, wote wakiwa na njaa. Hata hao nao wasingeimaliza kazi, kwa kuwa sehemu kubwa ya taka zetu hailiki. Korongo hali chupa, wala betri, wala nepi, wala vioo. Akimeza plastiki kwa kudhani ni nyama, plastiki haimshibishi. Hukaa tumboni mwake. Mfagiaji wa bure hayupo. Aliyepo ni kiumbe mwenye njaa, naye ametwikwa jina la kazi yetu ili sisi tulale usingizi.

Nenda basi kwa mawazo yako mpaka Dandora, upande wa mashariki wa mji. Jaa lile lilianza kutumiwa katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Halikufungwa mwaka ule. Malori yaliendelea kumwaga. Korongo wamesimama juu ya vilima vya taka, na kando yao, bega kwa bega, wamesimama watu: wanawake, wanaume na watoto waokotao chuma, plastiki na chakula. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 waliokaa na kusoma karibu na jaa hilo. Karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiasi kilichofikia au kupita kipimo cha hatari kilichokubaliwa wakati huo. Risasi katika damu ya mtoto hudhuru ubongo wake. Mtoto huyo yu umri wako, msomaji, au ni mdogo kwako. Pengine angekuwa mwenzako darasani.

Hapo ndipo naliona shauri zima la korongo kwa ukamilifu. Ndege twamtupia mawe. Mtoto aokotaye katika jaa lile lile twamtupia jina, tukamwita chokora. Wote wawili kosa lao ni moja: wameonekana karibu na uchafu wetu. Nao mama mfagiaji, na kijana asukumaye mkokoteni wa taka mtaani, huwapita watu wakiwa wameziba pua, kana kwamba harufu ni yao. Tumeizoea dhuluma hii mpaka hatuioni tena. Mtu aliyetupa ni muungwana. Mtu aokotaye ni mchafu! Nyani haoni kundule, na mji nao hauoni jalala lake, bali humwona yule aliyeinama juu yake.

Sitaki uondoke hapa ukidhani kuwa sheria ndizo zilizokosekana. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa adhabu kali zilizoshangaza ulimwengu, na mifuko ile iliyokuwa ikining'inia juu ya miiba ya kila ua ikapungua machoni petu. Kwa hivyo hatuwezi kusema kuwa Mwafrika wa mjini hawezi kubadilika. Amekwisha kubadilika mara moja mbele ya macho yetu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 nayo yaagiza taka zitenganishwe pale pale zinapozaliwa: zinazooza kando, zisizooza kando. Sheria hii ikitimizwa, maganda na mabaki ya chakula yatakuwa mbolea ya shamba badala ya kuwa meza ya korongo. Lakini sheria haina mikono. Mikono ni yetu.

Basi nakuomba mambo matatu, wala hayahitaji fedha wala cheo. La kwanza, usirushe jiwe. Ukikutana na ndege huyu mkubwa bustanini, simama umtazame. Yeye ni mnyama wa porini aliyekujia bila ya wewe kulipa nauli ya kwenda mbugani, na siku ya kumwona kwa karibu namna hiyo ni darasa lisilo na karo. Wala usimpe chakula kwa mkono, kwa maana hisani hiyo humfunga mjini. La pili, anza na shule yako. Mabaki ya chakula cha mchana yawe na pipa lake, na pipa hilo liende shimoni kuwa mbolea. Chupa nazo ziwe na mahali pake. Mwalimu akikuuliza ni nani aliyekutuma, mwambie kuwa ni korongo. La tatu, msalimu afagiaye. Mwite mama, mwite mzee, kama umwitavyo mzazi wako, kwa maana yeye atengeneza kila siku kile ambacho wewe na mimi tunaharibu.

Ukiyafanya haya, na wengi wakiyafanya, itafika siku ambayo korongo watapungua Nairobi. Watarudi kwenye kingo za maziwa na kwenye moshi wa nyika zinazoungua, nasi hatutakuwa tumewafukuza. Tutakuwa tumeondoa meza tu. Sitasikitika siku hiyo. Nimtetee ndege si kwa kutaka akae jaani milele, bali kwa kutaka aondoke kwa heshima, kwa sababu mji umetakata, si kwa sababu umepata mawe mengi.

Alasiri ile niliinama nikaiokota karatasi yangu ya njugu, nikampelekea mama yule gunia lake lilipokuwa. Aliipokea bila ya neno, kwani halikuwa jambo la kushukuriwa. Korongo alikuwa amekwisha kuumeza mfupa wa mwisho. Alikunjua mbawa zake, akakimbia hatua chache, akainuka juu ya miti na kuelekea mashariki. Mifupa haikuwapo tena juu ya nyasi. Chupa zilikuwapo zote.